Biashara ya Mbao Ngumu na Sifuri ya Bariadi: Uhakiki wa Namna ya Kulinganisha Nchi

UTANGULIZI

Jedwali ni miongoni mwa vyombo vya kwanza anavyokabidhiwa mwanafunzi wa siasa ya uchumi. Upande wa kushoto kuna majina ya nchi, juu kuna miaka, na katikati kuna tarakimu. Jedwali la biashara ya mbao ngumu duniani liko hivyo hivyo. Nchi hupangwa kwa mita za ujazo au kwa thamani ya dola, kuanzia muuzaji mkubwa hadi mdogo, na msomaji huachwa atoe uamuzi wake mwenyewe. Uamuzi huo kwa kawaida huwa mwepesi: aliye juu ameendelea, anayenunua ana upungufu, na asiyetajwa hana kitu.

Katika makala haya tunakusudia kuuhakiki ulinganishaji wa namna hiyo. Tarakimu tunazihitaji, na kada asiyejua kuzisoma hawezi kuwatumikia wananchi ipasavyo. Lakini tarakimu zikisomwa bila maswali hugeuka kuwa mafundisho ya siasa, tena mafundisho yasiyojitangaza. Kada aliyeyameza hayo atakwenda kijijini, ataona eneo lenye miti lisiloingiza fedha katika hesabu yoyote, naye atashauri ligawanywe mashamba. Hapo kosa la kusoma litakuwa limegeuka kosa la kutenda.

Suala hili tunalitazama tukiwa tumesimama Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Mkoa huu ulioanzishwa mwaka 2012, ukiwa na wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, unajulikana kwa pamba na ng'ombe; haujulikani kwa mbao. Kama majedwali ya dunia yangegawanywa kimkoa, nafasi ya Simiyu ingejazwa sifuri, au tarakimu iliyo jirani na sifuri. Hiyo ndiyo sababu ya kuuchagua. Ubora wa mizani hujulikana inapopelekwa kupima kitu ambacho haikuzoea kukipima.

KASORO YA KWANZA: JINA MOJA, VITU VINGI

Katika lugha ya biashara, "mbao ngumu" si maelezo ya ugumu wa mti. Ni mgawanyo wa kibotania. Miti ya majani mapana huwekwa kundi moja, na misindano na jamaa zake kundi jingine. Kwa mgawanyo huo balsa, mti mwepesi kiasi cha kutengenezewa ndege za kuchezea, huhesabiwa kuwa mbao ngumu sawa na mpingo, ambao ukitiwa majini huzama. Mkaratusi uliopandwa juzi na mninga uliokua miongo mingi katika misitu ya miombo ya Tabora na Katavi huingia katika safu moja ya jedwali.

Tuchukue mfano wa Thailand. Novemba 1988 mafuriko yaliua mamia ya watu kusini mwa nchi hiyo, na magogo yaliyoshuka kutoka milima iliyokatwa ovyo yalizidisha maafa. Januari 1989 Serikali yake ikapiga marufuku ukataji wa kibiashara katika misitu ya asili. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni Thailand imekuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa mbao ngumu za nchi za joto zilizopasuliwa. Siri yake ni mti wa mpira. Mti huo hupandwa, hugemwa utomvu kwa miaka ishirini na kitu, na unapochoka hukatwa, hupasuliwa na kuuzwa, sehemu kubwa kwa China. Kisha shamba hupandwa upya.

Jedwali linaiweka mita moja ya mti wa mpira kando ya mita moja ya mninga kana kwamba ni kitu kimoja. Mfugaji wa Itilima hahitaji darasa ili aione tofauti, kwa sababu anajua kwamba kuuza maziwa na kuuza ng'ombe si biashara moja. Anayeuza maziwa anaweza kuuza na mwakani. Anayeuza ng'ombe bila kuwa na ndama ataonekana tajiri kwa siku moja ya mnada, na jedwali la siku hiyo litamweka juu ya jirani yake.

KASORO YA PILI: MWAKA UNAOCHAGULIWA

Kasoro ya pili ni ya wakati. Nchi huonekana kubwa katika biashara ya magogo hasa mwaka ule inapokata zaidi ya inavyoota, yaani mwaka inapojifilisi. Jedwali la mwaka huo huipongeza. Majedwali ya miaka iliyofuata huisahau.

Katika miaka ya 1960 Ufilipino ilikuwa ikiongoza duniani kwa kuuza magogo ya nchi za joto, na mnunuzi wake mkuu alikuwa Japani. Mwanzoni mwa karne ya 20 misitu ilifunika kadiri ya asilimia 70 ya nchi hiyo. Karne ilipokwisha ilikuwa imebaki chini ya robo, na muuzaji wa jana alikuwa amekwisha kugeuka mnunuzi. Wafanyabiashara wa Japani hawakukaa kuomboleza. Walihamia Indonesia na Sabah, na baadaye Sarawak, kila mahali wakifuata magogo. Wakati wote huo misitu ya Japani yenyewe iliendelea kufunika karibu theluthi mbili za ardhi yake. Katika jedwali Japani ilionekana kuwa nchi yenye upungufu wa mbao, na Ufilipino nchi yenye neema. Msomaji na ajiulize ni nani kati yao aliyekuwa na miti mwisho wa karne.

Katika Afrika mambo yalikwenda kwa mwendo unaofanana. Mwanzoni mwa karne ya 20 Kodivaa ilikuwa na misitu inayokadiriwa kuwa hekta milioni 16. Katika miaka ya 1970 ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa magogo barani, huku wakulima wa kakao wakifuata nyuma ya barabara zilizofunguliwa na wakataji. Leo misitu hiyo haifiki hekta milioni 3. Nigeria nayo, iliyokuwa muuzaji maarufu wakati wa ukoloni na mara baada ya uhuru, ilizuia usafirishaji wa magogo katika miaka ya 1970, wakati misitu yake ilikuwa imekwisha kuchakaa, na baadaye ikawa mnunuzi wa mazao ya miti.

Kwa hiyo kulinganisha nchi kwa mwaka mmoja ni sawa na kulinganisha wakulima wawili kwa kutazama mfuko wa mmoja siku alipouza akiba ya chakula. Ulinganishaji wa haki hauna budi kuchukua muda mrefu kama umri wa mti wenyewe. Kwa mninga muda huo unapita umri wa utumishi wa kada yeyote, na ndiyo maana ni vigumu kwa viongozi wa siku zote kuukubali.

KASORO YA TATU: MPAKA WA NCHI

Majedwali hupangwa kwa nchi, lakini gogo halisomi ramani. Nchi inayoufunga msitu wake bila kupunguza matumizi yake huufungua msitu wa jirani. Thailand ilipotoa marufuku yake mwaka 1989, kampuni zake zilivuka mpaka na kupata vibali vya kukata nchini Burma mwaka huo huo. China nayo, baada ya mafuriko ya mto Yangtze ya mwaka 1998, ilizuia ukataji katika sehemu kubwa ya misitu yake ya asili, wakati viwanda vyake vya samani vilikuwa vikipanuka kwa kasi. Upungufu huo ulijazwa kutoka Urusi, Asia ya Kusini-Mashariki na Afrika. Kenya ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma mwaka 2018, na zuio hilo likaondolewa mwaka 2023. Mahitaji ya wajenzi wake hayakusimama kwa miaka hiyo mitano.

Zaidi ya hayo, mbao inaweza kubadili uraia njiani. Kwa miaka mingi mbao za mashariki ya Kongo zimekuwa zikipita Uganda kwenda Kenya na kwingineko, na mwaka 2001 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa liliitaja mbao miongoni mwa mali zilizoporwa Kongo wakati wa vita. Anayetafuta mti huo katika hesabu za nchi ulikoota anaweza asiukute. Ataukuta katika hesabu za nchi ulikopita, au asiukute popote.

Jambo hili linatuhusu sisi wenyewe. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, kusini kulipata barabara iliyosubiriwa kwa miaka mingi. Wananchi walipata njia ya kwenda hospitali na sokoni, na wakati huo huo wafanyabiashara wa magogo walipata njia ya kuifikia mininga, mikongo na mipingo ya Rufiji, Kilwa na Lindi. Ni katika mazingira hayo ndipo ilipoandikwa ripoti ambayo tunaona inastahili kuhakikiwa peke yake.

RIPOTI YA MWAKA 2007: UBORA WAKE NA MPAKA WAKE

Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilichapisha ripoti ya Milledge, Gelvas na Ahrends kuhusu biashara ya mbao kusini mwa Tanzania. Waandishi hawa walifanya jambo ambalo jedwali la kawaida halifanyi: waliutazama mzigo mmoja kutoka pande zote mbili za bahari. Walichukua hesabu za Tanzania za mbao zilizouzwa China, wakaziweka kando ya hesabu za China za mbao zilizonunuliwa Tanzania. Hesabu za China zilikuwa kubwa mara kumi. Yaani, katika kila magogo kumi yaliyopokelewa kule, huku tuliandika moja.

Ripoti ilikadiria kwamba Serikali ilikuwa ikipoteza hadi dola milioni 58 kwa mwaka kwa sababu ya mrabaha usiokusanywa wilayani. Ilionyesha pia kwamba mwanakijiji aliyeshiriki kukata alipata karibu sehemu moja ya mia ya bei ya gogo hilo linapouzwa nje. Haya ni mambo mazito, na ubora wa ripoti ni kwamba iliyasema waziwazi na kueleza mtandao wa vibali, urafiki na hongo uliowezesha hali hiyo. Kila chuo kinachofundisha uongozi kingefaa kuisomesha.

Lakini ripoti hii ina mpaka wake, na mhakiki hana budi kuuonyesha. Msomaji anaweza kuifunga akidhani kwamba tatizo lote ni wizi, na kwamba dawa yote ni vizuizi vya barabarani, nyundo za kugonga magogo na maofisa waaminifu. Tuchukulie basi kwamba kila shilingi ya mrabaha imekusanywa na kila gogo limeandikwa. Gogo lingali limeondoka likiwa gogo. Kazi ya kulipasua, kulikausha, kulichonga na kuliuza kama samani ingali imefanyika kwingine, na malipo ya kazi hiyo yamebaki huko huko. Wizi unazidisha unyonyaji. Lakini unyonyaji unaweza kuendelea vizuri kabisa ukiwa na risiti.

KASORO YA NNE: NANI ANAPATA NINI

Hapa tunaifikia kasoro iliyo kubwa kuliko zote. Jedwali linasema "Tanzania imeuza", "Gabon imeuza", "Indonesia imeuza", kana kwamba nchi ni mtu mmoja mwenye mfuko mmoja. Ndani ya nchi kuna mkataji, mchukuzi, mwenye lori, mwenye kibali, mwenye kiwanda, na kijiji ambacho msitu uko katika ardhi yake. Biashara inaweza kukua na wengi kati ya hao wakabaki pale pale.

Nchi kadhaa zimejaribu kurekebisha mambo kwa kuzuia magogo na kujenga viwanda. Indonesia ilizuia kabisa usafirishaji wa magogo mwaka 1985, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa inaongoza duniani kwa kuuza plaiwudi. Hayo yalikuwa mafanikio ya kweli ya viwanda. Hata hivyo, biashara yenyewe ilikuwa chini ya chama cha wenye viwanda kilichotawaliwa na mfanyabiashara aliyekuwa rafiki wa mtawala, na viwanda vilijengwa vingi kuliko uwezo wa msitu kuvilisha. Misumeno ikaendelea kula. Gabon ilizuia magogo mwaka 2010 na kujenga eneo la viwanda la Nkok kwa ubia na kampuni ya Singapore. Imepata viwanda vya vinia na ajira ambazo haikuwa nazo. Swali la nani anamiliki viwanda hivyo, na faida inalala wapi, lingali linastahili kuulizwa huko, kama linavyostahili kuulizwa kwetu.

Sisi wenyewe tuna historia katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Tanzania iliunda shirika la umma la viwanda vya mbao, TWICO, lililokuwa na viwanda kama Sikh Saw Mills cha Tanga na Mingoyo cha Lindi. Shabaha ilikuwa sahihi: mti upasuliwe nchini na wafanyakazi wa nchi. Utekelezaji ulikwama kwa vipuri, uchakavu wa mitambo na uendeshaji dhaifu, na katika miaka ya 1990 viwanda vya shirika hilo viliingizwa katika ubinafsishaji. Kushindwa kwa chombo hakufuti swali lililokifanya kiundwe.

Mfano mwingine unatoka Kilwa. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa misitu yao ya asili yenye mipingo, vikiwa vya kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Waendeshaji wa mpango huo walieleza kwamba kijiji, ambacho zamani kilipata kama senti 8 za dola kwa gogo, kingeweza kupata zaidi ya dola 19. Mti ni ule ule na mnunuzi yuko kule kule Ulaya, anakotengeneza zumari zake. Kilichobadilika ni nani mwenye msitu. Jedwali la mita za ujazo haliwezi kuyaonyesha mabadiliko hayo, kwa kuwa mita hazikuongezeka.

Sheria za kimataifa nazo zinahitaji jicho hilo hilo. Kuanzia Januari 2017 mkataba wa CITES uliiweka jamii yote ya mpingo chini ya udhibiti wa vibali. Mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa katika udhibiti huo. Mwaka 2022 mkataba uliongeza mininga na mikongo ya Afrika katika orodha yake. Hatua hizi zina manufaa kwa miti. Lakini kada mwangalifu ataona kwamba zumari iliyokamilika inasafiri kwa urahisi kuliko gogo, na atauliza kwa nini zumari hizo hazitengenezwi Tanzania.

SIFURI YA BARIADI

Sasa turudi Simiyu. Tumesema kwamba katika biashara ya mbao ngumu mkoa huu ni kama sifuri. Sifuri hiyo nayo ina historia, kwa sababu nchi ya Wasukuma haikuwa na vichaka vichache tangu kuumbwa kwake.

Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilipiga vita mbung'o kwa kufyeka vichaka. Makao ya utafiti yalikuwa Shinyanga chini ya Swynnerton, na nguvu kazi ilikuwa ya wananchi. Mbung'o walirudi nyuma na mifugo ikapata nafasi. Wakati huo huo miti iliondoka, na mashamba ya pamba yakasonga mbele kwenye ardhi iliyo wazi. Pamba ilijenga vyama vya ushirika vilivyokuwa fahari ya Afrika Mashariki, na pamba hiyo hiyo iliendelea kudai ardhi. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Iliwasogeza watu karibu na shule na huduma, na pia iliwatenga na mashamba na hifadhi zao za malisho, hata hifadhi nyingi zikakosa mwenyewe. Tusipoyasema haya katika kurasa za itikadi tutakuwa tunahubiri, hatufundishi. Ilipofika miaka ya 1980 mkoa wa Shinyanga, ambao Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa ndani yake, ulikuwa ukiitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Baada ya majaribio ya kupanda miche, mpango ulijifunza kwamba wananchi walikuwa na chombo chao tayari, yaani ngitili: eneo la majani na miti linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kwa mifugo kiangazi kinapokaza. Sheria zake zilisimamiwa kwa mila, kwa mikutano ya dagashida na kwa faini. Mwaka 1986 ngitili zilizoandikwa zilikuwa kadiri ya hekta 600 tu. Mpango ulipokwisha mwaka 2004 zilikuwa zimefika hekta zisizopungua 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya Shinyanga ya wakati huo. Miti ilirudi, mipingo ikiwemo, sehemu kubwa ikichipua kutoka visiki na mizizi iliyokuwa hai ardhini.

Uchunguzi wa Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na IUCN, uliochapishwa mwaka 2005, ulikadiria kwamba manufaa ya ngitili yalifikia kama dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8.50. Manufaa hayo ni kuni za karibu, malisho ya kiangazi, majani ya kuezekea, nguzo, dawa na asali. Hakuna hata kimoja kinachopita forodhani. Kwa hiyo hakuna hata kimoja kinachoonekana katika jedwali tulilolianza nalo. Mojawapo ya kazi kubwa za kurudisha miti katika Afrika imeandikwa humo kwa sifuri.

Hata hivyo, tusigeuze sifuri kuwa nishani. Ndani ya ngitili kuna tofauti za kitabaka: mwenye ng'ombe wengi huwa na ngitili kubwa, na asiye na mifugo hutegemea ya kijiji, ambayo ndiyo ya kwanza kumegwa ardhi inapopungua. Tena, Simiyu inatumia mbao kila siku. Tangu Bariadi ilipokuwa makao makuu ya mkoa, ofisi, nyumba na madarasa yameongezeka. Mwaka 2016 nchi nzima ilipofanya kampeni ya madawati, mkoa usio na misitu ya mbao haukuwa na budi kutafuta mbao nje yake. Kitanda cha mninga anachoagiza bwana harusi wa Bariadi kinaanzia katika miombo ya magharibi. Tulisema kwamba anayefunga msitu wake bila kupunguza matumizi hufungua wa jirani. Kanuni tuliyoitumia kwa Thailand na China haiwezi kusimama mpakani mwa Simiyu. Kila mlango wa mninga unaofungwa Bariadi unafungua kitu Tabora.

TULINGANISHE NINI?

Kutokana na uchambuzi huu, tunapendekeza kwamba kada au mwanafunzi anapoletewa jedwali la biashara ya mbao aliulize maswali manne kabla ya kutoa uamuzi. Kwanza, ni mti gani: uliopandwa ukavunwa, au ulioachwa na vizazi vilivyotangulia? Pili, ni kipindi gani: je, muuzaji huyo alikuwa wapi miaka 30 kabla, na atakuwa wapi miaka 30 baadaye? Tatu, umetoka wapi hasa, na hesabu za mnunuzi zinasemaje? Nne, kati ya msitu na meza ya mwisho, kila mkono ulipata kiasi gani? Jedwali lisiloweza kujibu lolote kati ya maswali hayo litumike kwa tahadhari, kama dawa isiyo na maandishi juu ya chupa.

Kwa Simiyu maswali haya yana matokeo ya vitendo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake na kuusimamia, na ngitili za vijiji zikiandikwa na kupimwa katika mipango ya matumizi ya ardhi zitakuwa na mlinzi mwenye nguvu kuliko desturi peke yake. Mipingo iliyorudi ihesabiwe wakati ingali michanga, kwa sababu mnunuzi akija kabla ya hesabu, hesabu itafanywa na yeye. Miti ya mbao ipandwe kwa ajili ya madawati na milango ya mkoa wenyewe, ili Tabora ipumzike. Na mafundi seremala wa Bariadi wapewe mikopo na mashine za kukaushia mbao, kwa kuwa mbao mbichi huharibu mlango na humlazimu mteja kununua mara mbili, yaani kukata mti mara mbili.

Mkutano wa kijiji utakapokaa kuamua kama ngitili igawanywe mashamba au ibaki, atakuwepo mtu wa kusimama na kusema kwamba eneo lile halizalishi kitu. Atakuwa na tarakimu zake. Wajibu wa kada ni kuwa na za kwake: mizigo ya kuni, siku za malisho, ndoo za asali, saa ambazo akina mama hawazitumii tena kutembea kutafuta kuni. Hizo ndizo tarakimu ambazo jedwali la dunia haliziandiki, na zisipoandikwa na sisi wenyewe kijijini hakuna mwingine atakayeziandika.